Barakoa ya kitambaa inayovalika: jibu kwa kikundi cha washonaji wa Ujiji

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Ujiji, tuna cherehani nne za miguu na moja ya umeme. Mtendaji wa mtaa ametuomba tushone barakoa za kujikinga na korona, za kugawa kwa wazee, watoto wa shule ya msingi na wanaofanya kazi mwaloni Kibirizi. Tumeanza na kitenge nje na ndani, katikati tukatia kitambaa cha suruali za jinsi ili ziwe imara, na lastiki ya masikioni. Zimependeza sana, lakini watu wanalalamika hawapumui, na muda si mrefu utazikuta kidevuni. Kuna anayetuambia tuweke mfuko wa sokoni katikati, mwingine anasema chandarua. Tushike lipi? Na kwa kuwa chanjo imeshafika, kazi hii bado ina maana? Pia tunaulizwa kama barakoa hizi zitasaidia kipindupindu kikirudi.

Jibu: Marahaba dada yangu, na hongereni kwa kazi.

Hao wanaolalamika hawana kiburi, wanawaambia kweli. Kitenge kizito cha kutoka Kongo, kipya, chenye wanga wake wa dukani, ukikiweka mara mbili na jinsi katikati, hewa haipiti. Na hewa isipopita kwenye kitambaa haisimami kusubiri. Inatafuta njia nyepesi: juu kando ya pua, mashavuni, chini ya kidevu. Kwa hiyo yule mtu anayevumilia barakoa yenu bila kuishusha, pumzi yake inaingia na kutoka pembeni bila kuchujwa na chochote. Mmeongeza uzito mkidhani mnaongeza kinga, kumbe mmeifungulia hewa mlango wa nyuma. Watafiti wa Marekani waliopima vitambaa mwaka 2020 waliona kwamba mwanya wa pembeni, barakoa isipokaa vizuri usoni, unaweza kupunguza uwezo wake wa kuchuja kwa zaidi ya asilimia 60. Ndiyo maana mimi fundi akiniletea barakoa, kabla sijauliza ya kitambaa gani naitazama imekaaje puani.

Hata hivyo kitambaa kina neno lake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tarehe 5 Juni 2020 likapendekeza tabaka tatu: ndani kitambaa cha pamba kinachonyonya unyevu wa pumzi, katikati kitu kisichofumwa kama polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki, na nje kitambaa kisichonyonya maji kwa haraka, kama poliesta au mchanganyiko wa poliesta na pamba. Kwa Kigoma hayo yote yanapatikana bila kuagiza chochote Dar es Salaam.

Ndani wekeni shuka la pamba au khanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Khanga ya zamani ni laini, haina tena wanga, na haiwashi mashavu. Ningependa tabaka la ndani liwe jeupe au angalau rangi tofauti kabisa na la nje, ili mtu akiivua na kuiweka mfukoni ajue upande upi ulikuwa mdomoni. Nje chukueni tetroni, ile ya mashati ya shule, au kitenge chepesi kama watu wanataka urembo. Na watautaka, hatukatai. Barakoa yenye maua huvaliwa zaidi kuliko ya bluu iliyopauka.

Mkinunua mabaki ya vitambaa kwa mafundi wa Mwanga hamtajua kipi ni pamba na kipi si pamba, maana muuzaji atawaambia vyote ni pamba. Chomoeni uzi mmoja mmoja, uchomeni kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanasambaratika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, kidonge na majivu, huo ni mchanganyiko, utafaa kwa nje. Kisha inueni kitambaa kwenye mwanga wa jua: ukiona vitobo vya mwanga kati ya nyuzi, kimefumwa kwa kulegea mno. Halafu yawekeni matabaka yote matatu pamoja, yabaneni mdomoni kwa mikono miwili, mvute pumzi. Mkilazimika kuvuta kwa nguvu, badilisheni tabaka la nje. Watu hupenda kile kipimo cha kuzima mshumaa kupitia barakoa. Kinaweza kuwasaidia kutupa kitambaa chepesi mno, lakini kisiwape imani kubwa. Anayejua kupuliza atauzima tu.

Kitambaa cha fulana kiacheni. Kikivutika usoni, matundu yake nayo yanavutika.

Sasa mfuko wa sokoni. Aliyewaambia hivyo anajua anachosema. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, ile iliyochukua nafasi yake, laini kama kitambaa lakini haina uzi wa kwenda wala wa kurudi, ni polipropilini isiyofumwa. Ni ndugu wa kitu kinachotumika kwenye barakoa za hospitali, ingawa si kilekile: barakoa za hospitali zina tabaka jingine la nyuzi nyembamba zaidi ambalo mfuko hauna. Kwa hiyo msimwambie mtu kwamba barakoa yenu ni sawa na ya hospitali kwa sababu ina mfuko ndani.

Chagueni mfuko mpya, usiowahi kubeba dagaa wala mkaa. Kuna mifuko ya aina hiyo iliyopakwa plastiki juu ikawa inang'aa. Hiyo haifai kabisa. Pulizeni: pumzi isipotokea upande wa pili, mfuko huo ni wa kubebea vitunguu. Kateni sehemu isiyo na maandishi, maana wino unachuja kwenye maji ya moto. Tabaka moja linatosha. Na jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: polipropilini haipatani na pasi ya mkaa. Inastahimili maji yanayochemka, lakini pasi iliyoiva kwa kiasi cha kunyoosha pamba inaiyeyusha na kuigandisha. Pigeni pasi kitambaa cha pamba kabla ya kuunga, baada ya hapo nyoosheni kwa mkono.

Chandarua hapana. Matundu yake yametengenezwa kuzuia mbu, na vyandarua vingi tulivyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu ndani ya nyuzi. Hiyo si kitu cha kumfunga mtu puani kutwa nzima. Na malaria ya Kigoma hamjaisahau. Chandarua kibaki kitandani.

Kuhusu mkato, nawashauri barakoa ya marinda, si ile ya kikombe yenye mshono unaoshuka katikati kuanzia puani. Wafaransa walipotoa mwongozo wao wa barakoa za kushona mwezi Machi 2020 waliukataza mshono huo wa wima mbele ya pua na mdomo, kwa sababu kila tundu la sindano ni tundu, nao mmelipanga mstari mzima palepale pumzi inapotoka. Kuna mafundi hodari wanaoifunika vizuri kwa bitana, lakini kwa kikundi chenye watu wa viwango tofauti, marinda ni rahisi na hayaharibiki.

Fueni vitambaa vyote kabla ya kukata, kwa maji ya moto, ili kama ni vya kusinyaa visinyae mikononi mwenu na si usoni kwa mteja. Tengenezeni kiolezo cha boksi gumu: kwa mtu mzima sentimita 20 upana na 18 kimo, kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tano jaribuni 16 kwa 14, kisha mpime kwenye nyuso za watoto wenu wenyewe kabla ya kukata nyingi. Pangeni matabaka matatu, piga mshono mmoja kuzunguka ukingo ili yasiteleze. Kunja marinda matatu, kila moja likila sentimita 3, yote yakitazama chini kwa upande wa nje ili yasikusanye vumbi. Kimo cha 18 kitabaki 9, na mtu akiivuta kidevuni itafunguka. Funika kingo mbili za pembeni kwa vipande vifupi vya kitambaa. Sindano iwe mpya, namba 14, na hatua ya mshono isiwe ndogo mno.

Kisha kamba, na hapa ndipo bajeti za vikundi huvunjika. Sishauri lastiki. Ukiichemsha mara kadhaa inalegea, barakoa inaanza kuning'inia, mwenyewe anaifunga fundo, na mwisho anaiacha. Pia mama mwenye ushungi akitaka kuivaa ya masikioni lazima aufungue ushungi wake njiani. Kamba za kufunga kisogoni zinapita juu ya ushungi, zinachemshwa pamoja na barakoa, na kila mtu anakaza kwa kadiri ya kichwa chake. Lakini pigeni hesabu kabla hamjanunua. Kamba mbili, moja ya juu na moja ya chini, kila moja sentimita 90 kwa upana wa 4 ukizikunja mara nne, zinakula sentimita za mraba 720. Uso wa barakoa yenyewe ni 20 kwa 18, yaani 360. Kamba inakula kitambaa mara mbili ya tabaka la nje! Kwa hiyo kitenge kizuri msikimalizie kwenye kamba. Tumieni shuka kuukuu, au punguzeni upana hadi sentimita 3 kama fundi anaweza kukunja bila kuteleza. Kamba ya juu ndiyo inayofunika ukingo wa juu, na ya chini vivyo hivyo, kwa hiyo hamhitaji utepe mwingine.

Ndani ya ile kamba ya juu ndimo unalala waya wa puani. Bila waya mmeshona kitambaa cha kufunika mdomo tu. Waya wa kufungia nondo ambao mafundi ujenzi wanautupa unaonekana mzuri, lakini unaota kutu baada ya kufua mara chache na kutia doa. Bora waya wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene. Kata sentimita 12, kunja ncha zote mbili zirudi ndani kama pete ndogo ili zisichome, uweke katikati ya kamba, kisha piga mshono mfupi kulia na kushoto kwake ili usitembee. Mvaaji aubane puani kwa vidole viwili, asiupinde kwa kidole kimoja.

Barakoa imekaa sawasawa utaijua hivi: ukivuta pumzi kitambaa kinasogea ndani kidogo, ukitoa kinavimba. Kisiposogea kabisa, hewa inapita pembeni. Mwenye miwani, ikijaa ukungu, waya haujabanwa. Mwenye ndevu ndefu sina la kumsaidia zaidi ya kumwambia akae karibu na dirisha.

Sasa za nani? Hapo naomba mumpinge mtendaji wenu kidogo. Mwaloni Kibirizi, ufukweni, pana upepo wa ziwa na watu wako nje. Tena anayeanika dagaa au kubeba makasha anatoka jasho, na barakoa iliyolowa haipitishi hewa. Atahitaji kubadilisha mara mbili tatu kwa siku. Si kwamba hawastahili, ila kama kitambaa ni kidogo, waanzeni wanaokaa ndani kwa muda mrefu na watu wengi: abiria na makondakta wa magari, wanaosubiri zahanati, mikutano ya vikoba kwenye sebule iliyofungwa, wanaouguza mtu nyumbani. Mgonjwa mwenyewe avae kwanza, maana kazi kubwa ya barakoa ya kitambaa ni kuzuia matone yanayotoka, kuliko kuzuia yanayoingia.

Wazee waliozidi miaka 60 na wenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo, ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ulikuwa wavae barakoa za hospitali. Hapo kazi yenu haipotei. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilipima Februari 2021 kwa vichwa vya bandia vilivyotengenezwa kukohoa. Barakoa ya hospitali peke yake ilizuia asilimia 42 ya chembe za kikohozi, ya kitambaa peke yake 44.3, na ya kitambaa ikivaliwa juu ya ile ya hospitali 92.5. Sababu ni ileile ya mwanya: kitambaa kinaibana ya hospitali mashavuni. Hayo ni ya maabara, sokoni mambo hayawi safi hivyo. Lakini bibi aliyepewa barakoa ya hospitali, mpeni na yenu ya kufunga juu yake.

Wauguzi msiwapelekee. Utafiti uliofanyika Vietnam na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta wahudumu wa afya waliovaa za kitambaa waliugua zaidi kuliko waliovaa za hospitali. Zahanati ikiishiwa, pelekeni malalamiko halmashauri.

Watoto wa miaka 5 kushuka chini wasivalishwe. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu Agosti 2020. Kati ya 6 na 11 inategemea kama kuna mtu mzima wa kuwasimamia, na hapa mwalimu wa darasa lazima akubaliane nanyi kabla hamjashona. Shoneni jina la mtoto kwa uzi upande wa ndani, kwa sababu watoto watabadilishana barakoa wakati wa mapumziko kwa kuwa ya mwenzake ina ua zuri zaidi.

Kila mtu apate angalau mbili, moja usoni na nyingine kwenye kamba ya nguo. Moja tu itavaliwa chafu wiki nzima. Ifuliwe kila siku kwa sabuni. Sabuni ya mipande ya mawese inayotengenezwa hapa hapa Kigoma inafaa kabisa: kirusi hiki kimefungwa kwenye utando wa mafuta, na sabuni yoyote inauvunja. Baada ya kufua, ichemshwe dakika moja. Makaa yanayobaki baada ya ugali yanatosha. Asiye na moto anaweza kuiloweka dakika moja kwenye maji yenye klorini ya asilimia 0.1, yaani kama chupa ya dawa ya kung'arishia nguo imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 34 vya maji, kisha aisuuze mpaka harufu iishe. Mimi ningechemsha. Klorini inakula kitambaa, na watu wakiambiwa kipimo kimoja wanatia vitatu. Halafu juani.

Je, kazi ina maana? Chanjo zilizofika nchini Julai 2021 zinapunguza sana ugonjwa mkali na vifo, lakini aliyechanjwa anaweza bado kuambukizwa na kuambukiza, kwa hiyo ndiyo, ina maana. Ila sitawapamba. Utafiti mkubwa uliofanyika kwenye vijiji 600 vya Bangladesh ulionyesha barakoa za hospitali zilipunguza maambukizi yenye dalili kwa takribani asilimia 11, huku kwa zile za kitambaa faida haikuonekana kwa uhakika. Kilichonivutia mimi ni jambo jingine ndani yake: barakoa zilipogawiwa bure, viongozi wakazivaa wenyewe na watu wakakumbushwa barabarani, uvaaji ulipanda kutoka kama asilimia 13 hadi 42. Kugawa na kuondoka hakutoshi. Mtendaji anayewaagiza avae yake akija kuzichukua, na imamu na mchungaji wapelekewe zao mapema.

Kipindupindu, hapana. Mwaka 2015 kilipowavamia wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, kilipita kwenye maji na uchafu, na hakuna barakoa ambayo ingekizuia. Maji ya kuchemsha, choo, kunawa mikono. Anayewauliza mwambieni hivyo waziwazi, asije akaamini kitambaa cha usoni kinamlinda tumboni.

Zile mlizokwisha shona msizitupe. Fumueni upande wa chini tu, chomoeni jinsi na kitenge cha ndani, ingizeni mfuko na khanga kuukuu, toeni lastiki, mfunike kingo kwa kamba kama nilivyoeleza, waya ukiwa juu. Kitenge cha nje kilichobaki kifueni kwa maji ya moto mpaka wanga utoke, kisha mvute pumzi kupitia kwake. Ikiwa bado mnavuta kwa shida, ni kizito mno hata kikiwa peke yake, badilisheni. Vipande vya jinsi vitafaa vishikio vya sufuria.